Kilio cha Bomba la Barabara Yetu

Nianze na upumbavu wangu mwenyewe kabla wengine hawajauharibu kwa kuusimulia. Jumamosi moja asubuhi, mimi na mwenzangu wa dawati tulikata matawi kwenye uzio wa shule, tukayasimika pande mbili za kona ya barabara yetu, tukafunga juu yake kipande cha karatoni kilichoandikwa KILIO, na mshale mkubwa ukielekeza ndani. Hakuna mtu aliyekufa.

Anayetafuta toba katika maandishi haya aende misa ya kwanza. Mimi sijutii. Nilipigwa kofi moja tu, na hilo nalo lilikuwa halali.

Hapa Lubumbashi matawi yale si mapambo. Yakionekana pembeni ya njia, dereva anapunguza mwendo, mwenye redio anazima redio, na mama aliyekuwa akigombana na mteja anameza neno la mwisho. Huulizi nani amekufa. Unafuata mshale, unakaa, unalia kidogo, ndipo unamwinamia jirani na kunong'ona: hivi ni nani? Nilijua hayo, na ndiyo niliyoyategemea.

Marehemu mwenyewe alikuwa bomba.

Sehemu yetu ya Kampemba ilijengwa zamani kwa ajili ya wafanyakazi wa reli na wa mgodi. Nyumba zimepangwa mistari kama watoto wa darasa la kwanza, na nyuma ya kila mstari walichimba mtaro na kulaza bomba la kupeleka maji ya vyoo mpaka bondeni. Babu yangu, sisi tunasema nkambo, alikuwa mmoja wa waliochimba. Kila baada ya nyumba chache kuna regare, kisima kifupi chenye kifuniko, ambamo mtu anaweza kuchungulia na kujua majirani zake walikula nini jana. Zamani kulikuwa na kikosi cha watu wenye mabuti marefu. Walipita, walizibua, walienda zao. Kisha waajiri wakajiondoa kidogo kidogo, kama mgeni anayeaga huku bado ameshika sahani. Mabuti yakaenda. Vifuniko vya chuma vikaenda kwa wanunuzi wa chuma chakavu, usiniulize nani aliwapelekea. Bomba likabaki, na matumbo yetu hayakuacha kazi hata siku moja.

Basi barabara ikajifunza kujitawala. Kila parseli, yaani kila kiwanja chenye nyumba, inalinda regare yake. Vifuniko siku hizi ni mabamba ya simenti tuliyoyamwaga wenyewe, mazito, hayana soko kwa mwizi. Nondo ndefu ya kuzibulia, iliyopindwa ncha kama mkia wa nguruwe, inakaa kwa shefu wa barabara. Anayeiazima anairudisha imeoshwa, la sivyo atasikia jina la ukoo wake likitajwa hadharani. Jumamosi ni salongo, kazi ya pamoja, na anayejificha siku ya salongo huwa anaumwa mgongo ugonjwa unaopona saa sita mchana.

Na iko sheria kubwa kuliko zote: wa chini anafungua kwanza. Kabla hujasukuma uchafu wako kwa nondo, unampigia kelele jirani wa chini, naye anainua kifuniko chake na kumpigia kelele wa chini yake, mpaka sauti ifike bondeni, ambako bomba linatapika kwenye bwawa la zamani lililojaa matete. Pembeni ya bwawa hilo kuna mtu analima lengalenga, yaani mchicha, nzuri sana. Sote tunaila na bukari, ugali wetu, na hakuna anayeuliza swali. Ukisukuma kabla wa chini hajafungua, mzigo wako unamtokea mwenzako ndani ya choo chake, akiwa amekaa. Ilishatokea. Alikuwa mwalimu wa katekisimu, na hakusamehe mpaka Pasaka.

Hivyo ndivyo mji unavyoendesha maji machafu yake, kwa mdomo na kwa nondo. Shuleni tunaambiwa mambo hayo yanahitaji wahandisi. Wakija, tutawapa viti.

Viti! Hapo ndipo shida ilipo.

Katikati ya barabara, chini kidogo ya kwetu, kuna depo ya bia. Mwenyewe tunamwita papa wa depo, yaani baba wa depo, mtu mkubwa, shati limejaa, kicheko kinamtangulia. Aliamua kupanua barza yake ili wanywaji wakae vizuri, akamwaga simenti. Chini ya simenti hiyo kulikuwa na regare mama, pale mistari miwili ya mabomba inapokutana. Vibarua wake walimwonya. Alijibu kwamba regare ikiwa chini ya simenti, kifuniko hakitaibwa tena. Hoja hiyo hata mimi ningeipa maksi. Lakini mchanga wake na mifuko yake ya simenti vilikuwa vimeshaangukia ndani, na sasa hakuna nondo ingeweza kuvifikia. Bomba likaziba. Maji hayajasoma, ila yanajua njia ya kurudi nyumbani. Yalipanda, yakatafuta tundu la kwanza, na tundu la kwanza ni regare yetu, ndani ya parseli yetu, karibu na meza ya mama.

Mama anauza munkoyo. Anachemsha unga wa mahindi, anatia mizizi iliyopondwa, anaacha usiku kucha, asubuhi kinywaji kiko tayari, kitamu, chenye ukali kidogo wa kukuchekesha pua. Munkoyo hiyo ndiyo inanisomesha, inanivisha, na inalipa kila dirisha nililovunja. Maji yalipoanza kupanda, wateja walikunywa wamesimama. Kisha wakanywa wameshika pua. Kisha wakaanza kupita upande wa pili wa barabara na kutusalimia kwa mkono, kwa upendo mwingi, bila kusimama. Mama alimwaga majivu. Alisogeza meza mpaka ukutani, kisha mpaka mlangoni, maji yakamfuata kama mbwa wa jirani. Na mvua zilikuwa zinakaribia. Mvua ya kwanza tu, parseli yote ingeelea na munkoyo ya mama ingekwisha. Hilo kila mtu alilijua, na mama alilijua kuliko wote, kwa sababu alianza kuwaza kwa sauti juu ya kunirudisha kijijini kwa ndugu wa baba, nikalime.

Mimi, nikalime! Hata mahindi yangecheka.

Na barabara nzima ilikaa kimya. Papa wa depo ndiye anayetoa viti. Kukiwa na kilio popote katika barabara yetu, analeta viti vya plastiki, analeta turubai, analeta na fuko la unga, bure, kabla hujaomba. Utamwambiaje mtu wa namna hiyo kwamba amekaa juu ya mafi ya watu? Shefu wa barabara nilimfuata mwenyewe, akaniangalia kama nimemwomba avue suruali.

"Papa njo muntu wa bantu," alisema; njo ya kwetu ni ndiye ya kwenu. "Muvumilie."

"Tuvumilie mpaka lini, shefu?"

"Mpaka itazibuka."

"Itazibuka na nini? Na maombi?"

"Unaona vile uko? Njo maana kila siku wanakupigisha magoti mbele ya darasa."

Kwa mama ilikuwa vibaya zaidi. Baba alipokufa, viti vilikuwa vya papa wa depo.

"Mama, umuambie tu," nilimwambia siku moja akisukuma maji na fagio.

"Nimuambie nini? Siku ya baba yako, nani alileta viti? Nani alileta turubai? Mvua ilinyesha, hakuna muntu alilowa."

"Sasa viti njo vitatukataza kwenda choo?"

"Chunga kinywa yako."

Nilichunga, kwa muda wa chakula.

Jambo lingine la kilio chetu lazima nilieleze, la sivyo mtadhani nilikuwa mwendawazimu tu. Kwenye msiba, wajukuu wa marehemu wana ruhusa. Mjukuu anaweza kuvaa kofia ya marehemu, kutembea kama yeye, kusema ulevi wake na wivu wake na jinsi alivyokuwa anaficha nyama, na hakuna anayeruhusiwa kukasirika. Ukikasirikia mjukuu, wewe ndiye mwenye aibu. Na kabla watu hawajatawanyika, mtu wa ukoo anasimama na kueleza historia ya ugonjwa: ulianza lini, ulienda vipi, ni nini kilichoua. Kwa baba yangu alisimama mjomba ambaye hakuwahi kufika hospitali hata siku moja. Alisema malaria. Kwetu karibu kila mtu anakufa na malaria, hata aliyegongwa na lori.

Sasa fikirini pamoja nami. Bomba lile nkambo alilichimbia mtaro. Ni kama mtoto wa mkono wake. Mimi ni mjukuu wake. Nikahesabu ukoo kwa namna iliyonifaa, nikaona ruhusa ninayo.

Mama alikuwa ameenda Kambove kwa dada yake kutafuta mizizi ya munkoyo, huko porini inapatikana yenye nguvu kuliko ya sokoni. Angerudi Jumapili, hivyo alisema. Nilipomaliza kusimika matawi, nilienda moja kwa moja kwa papa wa depo, uso nimeukunja vizuri.

"Yambo, papa. Kuko kilio."

"Aa! Pole sana, mutoto yangu." Alikuwa ameshageuka kuwaita vijana wake watoe viti. "Kwenu?"

"Kwetu, papa. Lakini hakuna pa kukalia. Mayi ya choo imejaa parseli yote. Tunaomba bantu bakale hapa kwa barza yako."

"Bakale hapa hapa! Iko sababu gani nilijenga barza?"

Hakuuliza nani amekufa. Nilikuwa nimeandaa uongo mzuri sana kuhusu shangazi wa mbali, ukabaki mdomoni bila kazi. Viti vikapangwa, turubai ikafungwa, fuko la unga likaegemezwa ukutani. Majirani wakaanza kuingia. Wakaja na akina mama wa parokia, wale wa chama cha kusaidia wafiwa, wote kitenge kimoja. Wengine walitoka mpaka Kenya, namaanisha komine ya Kenya, sehemu ya mji wetu, si nchi ya watu. Mkubwa wao, mama mwenye sauti inayoweza kusimamisha treni, alikaa mbele kabisa, akakunja mikono.

"Maiti iko morgi gani?" aliniuliza, yaani chumba gani cha maiti.

Hapo mtu mwenye akili angekimbia. Mwenzangu wa dawati ana akili; alikimbia, na mpaka leo anadai alienda kuita watu.

"Haiko morgi, mama," nikasema. "Iko hapa chini." Nikapiga simenti kwa kisigino. "Njo bomba yetu. Iliziba, ikafa. Papa alishamaliza kuizika, lakini hakuna muntu alilia."

Mama yule alivua kiatu polepole, kama mtu anayechagua kisu.

"Mutoto ya shetani," alisema. "Niliacha nguo yangu ndani ya maji nikuje kulia bomba?"

Akainua kiatu. Upepo ukageuka wakati huo huo kutoka upande wa kwetu, na harufu ikapita kati ya viti kama mfiwa mwenyewe. Kiatu kikabaki hewani.

"Inanukaka hivi kila siku?"

"Kila siku, mama. Leo ni afadhali. Leo ni ya wageni."

Mwanamke mmoja nyuma alicheka, akajiziba mdomo kwa kitenge. Mkubwa wao akavaa kiatu, si kwa huruma, nilimwona machoni. "Musicheke," alisema. "Kilio ikishaitwa haiwezi kubaki bure. Ukiita kifo na isipate muntu, itazunguka kutafuta. Tumevaa, tumekuya. Lazima tulie kitu."

Akaanza yeye. Sijui niwaelezeje. Alitupa kichwa nyuma na kumlilia marehemu kama dada yake: ee wewe uliyebeba vya wote bila kuchagua, tajiri na maskini, ee wewe uliyepokea usiku na mchana, ni nani aliyekufunga mdomo? Wenzake wakaitikia. Mwanzoni waliitikia kwa kubana kicheko. Kisha mwanamke wa nyumba ya jirani yetu akaingia na beti lake: watoto wangu wanaharisha tangu Agosti, ee bomba, wamelala hoi, ee bomba. Hakuna aliyecheka tena. Mwingine akalia kwamba wageni walikuja kumposa binti yake wakaomba dirisha lifungwe. Mwingine alilia kisima chake. Wanawake ambao miezi yote walikuwa wakipita mbele ya depo wakisema yambo papa, yambo papa, sasa walikuwa wanamwambia kila kitu, kwa wimbo, mbele ya uso wake, na yeye amesimama mlangoni na kopo la dawa ya nzi mkononi hajui alipe au alie.

Ikawa zamu yangu. Nilivaa kofia ya kazi ya nkambo, ile ya chuma, ikanifika mpaka puani. Nilitembea kama bomba. Usiniulize bomba linatembeaje, ungekuwepo ungelitambua. Nikameza, nikagugumia, nikajinyonga tumbo, nikamwaga hewa mahali pasipo na adabu, na watu walicheka mpaka viti vya plastiki vikalia. Shefu wa barabara alikuwa ameshafika, anajifanya amekuja kutuliza, lakini mabega yalikuwa yanatikisika.

"Sasa historia ya ugonjwa," nikasema.

Walioinuka kwa kucheka wakakaa tena. Ni sehemu ambayo hakuna anayeambiwa asikilize.

"Marehemu hakuwa na malaria. Alikuwa muzima. Alifanya kazi tangu nkambo yangu akiwa kijana, hakuomba mushahara, hakuomba ruhusa. Kisha muntu mumoja alitaka barza. Alimwaga simenti juu ya kinywa yake, akamutia mchanga kwa koo. Sisi wote tuliona. Hakuna mwenye alisema, kwa sababu huyo muntu anatupatiaka viti vya kukalia tukilia. Njo hivi leo tumekalia viti vyake, tunalia kile aliua. Njo historia. Imeisha."

Nilitaka kumalizia kwa mzaha. Nilikuwa nao, mzuri, nikauacha.

Papa wa depo aliweka kopo chini. "Ni mimi njo unasema?"

"Ni mujukulu njo anasema," akajibu mama mkubwa wa parokia kabla yangu. "Mujukulu hakasirikiwi."

"Kwa viti vyangu! Kwa unga yangu!"

Hapo ndipo tuliposikia mayowe kutoka kona.

Mama alikuwa amerudi Jumamosi. Alishuka kwenye basi, akaona matawi, akaona mshale, na katika barabara ile mtu wake alikuwa mmoja tu, mimi. Alitupa mizizi pale pale. Alikimbia bila viatu, kitambaa kimemtoka kichwani, akiita jina langu kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia na sitaki kuisikia tena. Watu wakapasuka katikati kumpisha. Alinikuta nimesimama juu ya barza, kofia ya nkambo kichwani, mzima kabisa.

Alinishika uso kwa mikono miwili. Alinipapasa mabega, mbavu, kama ananunua mbuzi. Kisha akanipiga kofi, na kofia ya nkambo ikaruka ikaenda kugonga kreti za bia.

"Nani amekufa?" aliuliza.

Nilionyesha chini. Aliangalia simenti. Aliangalia turubai, viti, wanawake wenye machozi ya kweli mashavuni. Mama si mtu wa kuelezwa mara mbili.

"Mama, muchukue mutoto yako," papa wa depo akasema. "Ananitukana mbele ya bantu. Mimi, mwenye nilikupatia viti siku ya bwana yako."

"Ni kweli," mama alisema. Alikuwa bado anahema. "Ulitupatia, papa. Na turubai. Nilikushukuru, na nimekaa kimya juu ya ile viti mpaka mayi imefika kwa mlango yangu." Akajifuta uso kwa kiganja. "Lakini leo, kutoka kwa kona mpaka hapa, nilimulia mutoto yangu. Ile machozi imeshatoka. Siirudishi ndani."

Akavua kitenge cha juu, akakifunga kiunoni, akakaa chini. Si kwenye kiti. Alikaa kwenye simenti, pale pale nilipopiga kisigino, miguu ameinyosha mbele, namna mama wa marehemu anavyokaa.

"Kilio haiishi kabla mwili haijatoka," alisema. "Mutoe mwili."

Nilisema mama alikuwa anamwogopa papa wa depo? Nafuta.

Akina mama wa parokia wakainuka kwenye viti, mmoja mmoja, wakaenda kukaa chini pamoja naye. Barza ikajaa. Wanywaji wa Jumamosi walianza kufika, maana Jumamosi ndiyo siku ya depo. Wakaona matawi, wakaona mfiwa ameketi, wakavua kofia, wakarudi nyuma. Hakuna mtu wa Lubumbashi atakayemruka mama aliyekaa chini kwenye kilio ili akachukue bia, hata awe na kiu ya aina gani. Papa wa depo aliwaita kwa majina ya utani. Walimpa pole.

"Shefu," alisema mwishowe, "wewe njo mukubwa. Sema kitu."

Shefu wa barabara alikohoa. Mtu yule alikuwa amekunywa bia nyingi za bure kwenye barza ile, na nadhani zote zilimpita kooni wakati huo. "Papa, mama ya kilio hatolewe pale amekaa," alisema. "Iko desturi. Nitafanya nini?"

Jua likapanda, likaanza kushuka. Akina mama waliimba, walinyamaza, waliimba tena. Mmoja alipika bukari kwa unga wa papa wa depo, kwenye moto wa papa wa depo, tukala. Yeye mwenyewe alikaa kwenye kreti mlangoni, mkono shavuni. Nilimsogezea sahani. Aliniangalia, akachukua tonge.

"Uko mubaya, weye," alisema.

"Ni shule, papa."

Alitafuna. Kisha akainuka, akaingia ndani, akatoka na baramini, ile nondo nzito ya kuvunjia mawe, akamkabidhi kijana wake. "Muvunje," alisema. "Lakini kwa adabu."

Mama akainuka kwanza, akasogea. Kijana akainua nondo, na shefu akapiga yowe: "Ngoja! Wa chini bafungue!" Basi ikaanza. Shefu aliita nyumba ya chini, nyumba ya chini ikaita inayofuata: "Mufungue! Mufungue!" Tulisikia mabamba ya simenti yakiburuzwa parseli baada ya parseli, watoto wakipiga miluzi, mwalimu wa katekisimu akiapa kwa sauti kwamba yeye ameshafungua na mtu yeyote asijaribu. Sauti ikashuka mpaka tusiisikie tena, kisha ikarudi kutoka bondeni, ndogo, ya yule mtu wa lengalenga: "Iko wazi!"

Simenti ilipovunjika, tulitoa mifuko iliyoganda kama mawe, mchanga, visoda visivyohesabika, na nywele za bandia ambazo hakuna mwanamke yeyote pale aliyekubali kuzitambua. Mimi niliteremka ndani ya regare na nondo ya mkia wa nguruwe. Hakuna aliyenilazimisha, mjukuu ndiye anayeshuka kaburini. Nilisukuma, nikazungusha, nikasukuma. Kitu kikaachia. Maji yalivuta pumzi, nasema kweli, yalivuta pumzi ndefu kama mzee aliyeamka, kisha yakaenda. Barabara nzima ilipiga makofi kwa ajili ya mafi. Sijawahi kuona umati umefurahi hivyo, hata siku timu yetu inaposhinda.

Siku hizi kwenye barza ile kuna kifuniko kizuri, kina vishikio viwili vya chuma, na meza moja imesogezwa kukipisha. Papa wa depo bado anatoa viti. Ila nikienda mimi kuomba, anataka kwanza kuona maiti.

Jioni ile parseli yetu ilikauka mbele ya macho yetu, ikaacha utepe wa matope ukutani kuonyesha maji yalipofikia. Mama alimwaga majivu, alifagia, alirudisha meza mahali pake pa zamani, akaipima kwa mkono kama imesimama sawa. Kisha akanifanyia ishara kwa kidevu, tukatoka pamoja mpaka kona kufuata mizizi. Mtu alikuwa ameikusanya na kuiweka vizuri chini ya matawi. Nilichomoa matawi. Nilichana ile karatoni. Nilikuwa nanuka hivi kwamba mbwa walinipisha njia, na nilikuwa nasubiri kofi la pili, nimeshaandaa shavu na jibu.

Mama alitazama mashimo mawili yaliyobaki ardhini, akayafukia kwa mguu. Kisha alisema: "Usinifanyie vile tena. Lakini siku mi nitakufa kweli, njo wewe utasimama kuambia bantu kile kiliniua, na usiogope muntu mwenye amekaa mbele. Sasa beba mizizi. Kwa kichwa, hapana kwa kifua, utaitia harufu."